Salum bin Juma wako wangapi? Namna ya kuwatenganisha wazee wa jina moja kwa mafaili ya zamani ya mahakama na ardhi

Kwetu habari ilikuwa moja tu na tumelelewa nayo, kwamba baba yake bibi aliitwa Salum bin Juma, alikuwa na nyumba Kariakoo na shamba la minazi Kunduchi, na lile shamba "lilipotea". Mimi nikaichora hivohivo kwenye shajara ya ukoo, nikatoa fotokopi kumi na tano nikagawa siku ya hitma ya mjomba, watu wakafurahi, wengine wakabandika ukutani. Miezi minane baadae nikashika faili ambamo Salum bin Juma amesimama mbele ya liwali mwaka 1946 anadai minazi yake Kunduchi, wakati mirathi ya Salum bin Juma wetu ilishagawiwa 1938. Maiti hadai minazi. Ikabidi nizunguke nyumba kwa nyumba kuomba zile karatasi zirudi, na yale niliyojifunza nikizirekebisha ndo haya nawaandikia, maana najua wapo wengi mjini hapa wamekwama palepale nilipokwama mimi. Majina ya familia nimeyabadilisha yote, mambo yenyewe ni yaleyale.

Kwanza uelewe kwa nini majina yanagongana, sio bahati mbaya. Pwani mtoto anapewa jina la babu yake, kwahiyo Salum anamzaa Juma, Juma anamzaa Salum, Salum anamzaa Juma, vizazi vinne majina mawili. Afu babu mmoja akiwa na watoto wa kiume wanne na kila mmoja akampa mwanae jina la mzee, una akina Salum wanne wanaocheza uwanja mmoja na kinachowatofautisha ni ubini tu. Juu ya hapo weka majina ya siku na miezi, Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani, Ramadhani, ambayo kila kabila la mwambao linayatumia na Wamanyema na Wanyamwezi waliosilimu mjini nao wakayachukua. Kwahiyo ukikuta "Salum bin Juma" kwenye karatasi ya Dar ya miaka ya 1930 hujakuta mtu bado, umekuta jina.

Sasa kanuni niliyoishika mpaka leo ni hii: jina liache, fuata kitu ambacho hakiwezi kuwa cha watu wawili kwa wakati mmoja. Kiwanja. Jirani wa kiwanja. Mke. Shahidi aliyeweka mkono. Sahihi au kidole. Jina litakudanganya, lakini nyumba iliyopakana na nyumba ya fulani na fulani haiwezi kukimbia.

Anza nyumbani, na usianze kwa kuuliza "babu alikuwa nani", ukiuliza hivo utapewa ile hadithi iliyokwisha kuiva. Uliza vitu vidogo. Mlango wa nyumba ulitazama wapi, jirani wa kushoto nani, nani alikuwa anakuja kila Idi na akija anamwita bibi nani, kisima kilikuwa wapi, mzee alizikwa makaburi gani. Mimi nilimkuta shangazi, nikamwamkia, nikakaa chini nikamenya nae muhogo saa nzima kabla sijatoa daftari, na jambo la maana kuliko yote alilisema akiwa anafunga nazi kwenye kanga, kwamba "yule mzee alikuwa anajua kuandika bwana, ila herufi za msahafu tu, hizi zenu hapana". Hiyo sentensi mwaka mmoja baadae ndo iliyokata kesi, nitaifikia.

Ukipewa kasha la karatasi piga picha kila karatasi mbele NA nyuma. Nyuma ndo kuna mihuri, namba za faili zilizoandikwa kwa penseli, na majina ya mashahidi. Stakabadhi usidharau. Stakabadhi ya kodi ya kichwa au ya kiwanja ni kijikaratasi cha ovyo kukiangalia lakini ina jina, mahali, mwaka na kiasi, na ina namba.

Halafu tengeneza kadi. Karatasi moja, kadi moja, hata kama una uhakika zote ni za mzee wako. Mimi nilikata maboksi ya viatu, wewe ukitaka tumia eksel kwenye simu, sawa tu. Kwenye kadi andika jina kama lilivyoandikwa, usilirekebishe, tarehe kama ilivyoandikwa, mahali, kabila kama limetajwa, kazi, majirani, mashahidi, mke, watoto, amesaini au ameweka dole gumba, pesa ya aina gani. Na mahali pa mwenye karatasi usiandike "babu". Andika Salum 1, Salum 2, Salum 3, kila karatasi ichukulie ni ya mtu wake mpaka ithibitike. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaanza na mtu mmoja afu wanamvisha kila karatasi yenye jina lake, na mtu aliyevishwa hivo baada ya muda anakuwa na wake sita na umri wa miaka mia na kumi. Kuunganisha kadi mbili nadai vitu viwili vinavyolingana nje ya jina. Kimoja hakitoshi. Jirani na shahidi, sawa. Mke na kiwanja, sawa. Jina na mtaa tu, hapana, Kariakoo ile imejaa watu.

Tarehe zitakusumbua kidogo. Hati za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zina mwaka wa Hijria, na njia ya haraka ni kuzidisha ule mwaka kwa 0.97 afu ujumlishe 622. Hati ya kwetu ilikuwa 1329, ukipiga inakuja 1911, na kweli 1329 ilianza mwanzoni mwa Januari 1911. Kama tarehe imechanika angalia pesa. Rupia ya pesa 64 ni kabla ya 1904, rupia ya heller 100 ni baada ya hapo kwa Mjerumani, shilingi ya Afrika Mashariki haikuwepo kabla ya 1921. Ukiona shamba limepimwa kwa hekta unanusa Mjerumani, ukiona ekari na futi ni Mwingereza. Kuna jamaa aliniletea "hati ya 1905" yenye shilingi mia tatu, nikamwambia kaka hiyo sio ya 1905, labda aliyenakili alikosea au ile sifuri ni mbili, na kweli tulipoiweka juani ilikuwa 1925.

Sasa wapi pa kwenda. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, mtaa wa Vijibweni. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, eleza unatafuta nini, beba penseli, na uwe na subira kwa sababu faili linaitwa kwa namba na namba unaipata kwenye orodha, huendi kuropoka jina la babu ukaletewa faili. Mafaili ya Wajerumani yana namba zinazoanza na G, na orodha yake kamili ilichapwa Ujerumani mwaka 1973, mijalada miwili, imepanga mafaili kwa idara, kwahiyo unatafuta upande wa mahakama, wa ardhi, na wa mirathi. Yale ya Mwingereza yamegawanyika, kuna ya makao makuu ya serikali na kuna ya ofisi za wilaya, na kwa mtu wa kawaida wa Dar mwenye kibanda Gerezani au Ilala ya wilaya ndo yenye utamu, kwa sababu makao makuu waliandikiana barua za sera ila DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alikuwa anaandikiwa na watu wenyewe. Barua za malalamiko. "Mimi mtumwa wako mtiifu Salum bin Juma nalalamika kwamba..." Kwenye barua moja ya namna hiyo mtu anakueleza baba yake, mama yake, lini alijenga, alinunua kwa nani, na nani sasa anamdhulumu. Nilikaa siku mbili nzima na faili moja la malalamiko ya viwanja vya Kariakoo na sijawahi kuwa karibu na wale wazee kama siku zile.

Kwenye mafaili ya Mjerumani usitafute "Juma". Yeye aliandika anavyosikia kwa masikio yake, kwahiyo j inakuwa dsch, sh inakuwa sch, ch inakuwa tsch, na s mara nyingi anaiandika mbili, kama alivyoandika Ssadani na Kilossa. Mzee wako anakuwa "Ssalum bin Dschuma". Shomari anakuwa Schomari, na Zuberi anaweza kuwa Suberi kwa sababu s yao moja inasikika kama z yetu. Shauri lenyewe, neno letu, walilichukua wakaliandika Schauri. Mwandiko wao wa mkono wa zamani unatisha, e inafanana na n, na u wanaiwekea kikamba juu ili usiichanganye, ila kuna msaada mmoja mkubwa: majina ya watu na mahali mara nyingi waliyaandika kwa herufi za kawaida za Kilatini katikati ya ule mwandiko wao, kwahiyo hata kama hujui Kijerumani hata neno moja, jina litachomoza kwenye ukurasa lenyewe. Unapiga picha ukiruhusiwa, unatafuta mtu wa kukusomea yaliyobaki.

Bila kutoka nyumbani pia unaweza kuanza. Mafaili ya wizara ya makoloni ya Ujerumani, yale ya R 1001, hifadhi ya taifa lao imeyaweka wazi kwenye mtandao kupitia mfumo wao wa invenio. Ni ya mambo makubwa zaidi lakini kesi za ardhi za pwani zimo. Na hukumu za mahakama zetu zipo bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, tafuta jina la mahali badala ya jina la mtu.

Ardhi yenyewe ina mistari ya kukata ambayo lazima uijue, la sivyo utadhani babu kauza wakati sheria ndo imebadilika. Novemba 26, 1895 Mjerumani alitangaza ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola yake, na mwenye madai alete ushahidi, ndo maana hati za Kiarabu za watu wa pwani zikapata thamani ghafla na zikajaa kwenye mafaili yake. 1923 Mwingereza akaleta sheria yake, ardhi yote ya umma, mtu anapewa haki ya kukaa, ila hati halali za nyuma zikaheshimiwa. Hapo watu wa pwani wakawa na sababu ya kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba wao walimiliki kabla. Kesi inayojulikana ni ya Mtoro bin Mwamba, Mshomvi, mtu wa kabila la mwambao wa Dar, aliyetaka aandikwe kuwa mmiliki kamili wa shamba lake karibu na Dar, ikafika mpaka mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1953 na akashindwa, mahakama ikasema mila ya Washomvi inampa mtu haki ya kutumia, sio ya kumiliki moja kwa moja. Iliniuma kuisoma. Lakini kwa sisi tunaotafuta wazee kesi za aina hiyo ni hazina, kwa sababu kuthibitisha ardhi ni lazima ueleze ilitoka kwa nani kwenda kwa nani. Baada ya uhuru, 1963 umiliki wa kudumu ukageuzwa kuwa wa kukodi kwa serikali, na 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa, zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Kwahiyo jina la mzee likikatika 1963 au 1971 usikimbilie kusema amekufa au ameuza.

Kwa kiwanja chenye hati unafanya sachi, yaani upekuzi wa daftari, kwa msajili wa hati, unalipia, unaleta namba ya hati au namba ya kiwanja na kitalu. Ila nikuambie ukweli, Waafrika wengi wa Kariakoo na Ilala enzi hizo hawakuwa na hati ya miaka mingi, walikuwa wanalipia kiwanja kwa muda mfupimfupi, kwahiyo sachi inaweza kurudi tupu na mzee wako alikuwepo pale miaka thelathini. Hapo unarudi kwenye stakabadhi na mafaili ya wilaya. Na mitaa imebadilika majina, Kichwele ndo Uhuru ya leo, New Street ndo Lumumba, Acacia Avenue ndo Samora, Tandamti ikaja kuitwa Mshume Kiyate. Mtu wa Kichwele na mtu wa Uhuru anaweza kuwa huyohuyo hajahama hata hatua moja.

Sasa tuje kwenye hati yenyewe, maana hapa ndo penye mali. Hati ya pwani ya zamani haina ramani, ina mipaka minne na kila mpaka ni mtu. Ile ya kwetu ya 1329 niliposomewa na maalim mmoja ilikuwa inasema upande wa kibla nyumba ya fulani, upande wa suheli njia, upande wa matlai nyumba ya mwanamke fulani binti fulani, upande wa magharibi uwanja wa fulani fundi. Kibla kwetu ni kaskazini, suheli ni kusini, matlai ni mashariki. Basi chora mraba, andika majirani kwenye pande zake. Halafu kila hati nyingine yenye Salum bin Juma ichoree mraba wake, uiweke kando. Kama miraba inashea majirani, hata wawili, na pande ni zilezile, una mtu mmoja au mtu na mrithi wake. Kama hakuna jirani hata mmoja anayejirudia na tarehe zimekaribiana, anza kushuku una watu wawili. Na usiishie kwa mzee wako, chukua majina ya majirani uwatafute WAO. Jirani nae alinunua, nae alishtakiwa, nae alikufa, na kwenye hati yake mzee wako anatokea kama mpaka. Mimi kwenye faili la deni la mama mmoja nilimkuta Salum wetu pembeni, "nyumba imepakana na Salum bin Juma mshona kofia". Mshona kofia! Familia nzima hakuna aliyekuwa anajua kazi yake.

Kuna mtego wa bei khiyari ambao umewaangusha wengi. Mzee anaonekana ameuza nyumba kwa mfanyabiashara rupia mia mbili, miaka mitatu mbele mzee anaonekana anauza nyumba ileile tena, na wewe unasema haiwezekani huyu ni Salum mwingine. Kumbe ile ya kwanza haikuwa kuuza, ilikuwa mkopo, nyumba imewekwa kwa sharti kwamba pesa ikirudi na nyumba inarudi. Ni rahani kwa mlango wa nyuma, na pwani ilikuwa kawaida. Kabla hujamgawanya mtu kuwa wawili soma masharti yote ya hati mpaka mwisho.

Upande wa pili, mtu mmoja anaweza kuonekana watatu. Salum bin Juma, Salum Mzaramo, Salum Fundi, Salum wa Bi Mkubwa fulani. Karani wa Kijerumani mara nyingi anaandika jina moja na kabila basi, karani wa Mwingereza anaandika na ubini, na kuanzia miaka ya 1950 "bin" inaanza kudondoka. "Mkubwa" na "Mdogo" nayo usiifanye baba na mwana moja kwa moja, inaweza kuwa wajukuu wa mzee mmoja au wapangaji wawili wa nyumba moja. Na umri, "kama miaka 40", ni macho ya karani, usijenge kitu juu yake.

Na hili naomba lisomwe kwa heshima. Ukikuta "bin Abdallah" kwa mtu ambaye huoni Abdallah popote, au jina kama Mabruki, Feruzi, Baraka, Songoro, fikiria uwezekano kwamba mzee alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, au mwana wake. Baba asiyejulikana mara nyingi aliitwa Abdallah, mja wa Mungu, na wengine walichukua ubini au nisba, yaani jina la ukoo, ya aliyekuwa bwana wao. Mjerumani alitoa vyeti vya uhuru kwa maelfu, na utumwa Tanganyika ulikuja kufutwa kabisa kisheria 1922, juzi tu, bibi zetu walizaliwa miaka hiyo. Kwahiyo Salum wawili wenye nisba moja wanaweza wasiwe ndugu wa damu hata kidogo, mmoja ni mtoto wa nyumba na mwingine alinunuliwa. Ukifika hapo usiende kulitangaza kwenye kundi la wasap la familia. Kaa na wakubwa kwanza.

Mahakamani penyewe, kama una karatasi moja tu ya kuchagua, chagua mirathi. Kesi ya deni inakupa mtu na mdai wake, mirathi inakupa nyumba nzima. Na mirathi ya Kiislamu ina hesabu, na hesabu haisahau mtu. Ya kwetu ya 1938 ilikuwa imechanika chini. Nyumba imeuzwa shilingi 1,200. Kilichobaki kinasomeka: Bi Zena 75, watoto wa kiume wawili 300 kila mmoja, wa kike watatu 150 kila mmoja, mmoja wao ndo bibi yetu. Jumlisha. Inakuja 1,125. Shilingi 75 ziko wapi? Nilidhani karani kakosea mpaka nikakumbuka fungu la mke akiwa mume ameacha watoto ni thumni, sehemu moja ya nane, na thumni ya 1,200 ni 150, sio 75. Bi Zena kapewa nusu ya thumni. Maana yake palikuwa na mke wa pili, na jina lake liko kwenye kile kipande kilichochanika. Na zilizobaki 1,050 ukizigawa kwa mafungu saba, kiume mawili kike moja, ni 150 kwa fungu, kamili, hakuna mtoto mwingine aliyefichwa. Karatasi imechanika lakini mama wa watu amejitokeza.

Nikarudi kwa shangazi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo ni Bi Mwajuma. Alirudi kwao Kunduchi baada ya eda."

Kunduchi. Hapo nikaenda kulifungua tena lile faili la 1946, safari hii nikalisoma lote badala ya kurasa zenye jina tu, na hilo ni kosa nililofanya mara ya kwanza ambalo nakuomba wewe usilifanye. Salum bin Juma anadai minazi aliyoachiwa na baba yake, yeye na dada yake. Dada ameletwa kama shahidi. Karani ameandika: Mwajuma binti Juma, mjane wa Salum bin Juma wa Kariakoo. Akina Salum wote wawili kwenye mstari mmoja, mashemeji, kila mmoja na baba yake Juma tofauti. Na mwisho wa maelezo yule wa Kunduchi ameweka dole gumba, wakati wa kwetu kwenye faili la deni la 1934 amesaini kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri umesimama, kama alivyosema shangazi akifunga nazi.

Kwahiyo shamba halikupotea, halikuwa letu. Lilikuwa la shemeji, Bi Mwajuma alikuwa anaenda kwao na watoto wa Kariakoo wanafuatana nae kula madafu, na vizazi viwili baadae madafu yakawa urithi. Karatasi ya aina hii, inayowataja wa jina moja wote wawili kwa pamoja, ndo unayoitafuta usiku na mchana, na mara nyingi iko kwa mwanamke: mjane, dada, mtalaka anayedai mahari. Wanawake kwenye mafaili haya wanatajwa kwa waume na kwa baba kwa pamoja, kwahiyo wanaunganisha nyumba mbili kwa pumzi moja. Mimi sasa nikianza ukoo wa mtu natafuta wake kabla ya waume.

Mambo madogo ya kumalizia. Gazeti la Serikali la zamani lina matangazo ya mirathi na ya hati zilizopotea, ni kazi ya kuchosha ila tangazo moja linaweza kukupa mwezi wa kifo. Kama familia ina mtu aliyebatizwa, daftari za makanisa ya katikati ya mji zinatunza vizuri, jina la zamani na jipya. Kama hati zinataja Unguja, hifadhi ya Zanzibar ipo Kilimani na ina kesi na hati nyingi. Na kama lengo lako ni kwenda kudai kiwanja cha mtu, hiyo ni habari ya wakili, madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12 na huu mwongozo haukuandikwa kwa ajili hiyo.

Wale wa Kunduchi nimewatafuta. Nilienda na shangazi na nakala ya faili lao kwenye bahasha ya kaki, tukapokewa na mzee mmoja, mjukuu wa yule aliyeweka dole gumba, akaweka kidole chake juu ya ile alama kwenye fotokopi akakiacha pale muda mrefu, hakusema kitu. Shajara mpya nimeshaichora na kuigawa. Kwenye boksi langu imebaki kadi moja, Ssalum bin Dschuma, Mmanyema, kesi ya mwaka 1908, faini rupia tano, hana mke, hana jirani, hana shahidi. Hajaungana na yeyote kati ya wale wawili. Nimemwekea bahasha yake peke yake, juu nimeandika Salum 3, na kila nikienda Upanga namuulizia.